Kutoka Hisia Hadi Tendo: Mwongozo Kamili wa Kuwachambua Wahusika wa Othello

"Othello anamuua mkewe kwa sababu ya wivu." Wengi wanaoisoma tamthilia hii kwa mara ya kwanza huandika hivyo, na si uongo. Ila sentensi hiyo haijaeleza kitu. Bianca, mpenzi wa Cassio aliye naibu wa jemadari Othello, ana wivu, na hamgusi mtu. Roderigo, anayemtamani Desdemona, mke wa Othello, anaungua kwa wivu tangu onyesho la kwanza, na hata mwishoni lazima asukumwe ndipo achomoe upanga. Iago, mshika bendera anayemfanya Othello aamini kwamba Desdemona anamsaliti na Cassio, naye anamuua mke wake, Emilia, mbele ya mashahidi, na hapo wivu haumo kabisa. Hisia moja huzaa matendo tofauti, na tendo la aina moja huweza kuzaliwa na hisia mbili zisizofanana. Anayetaka kuielewa tanzia hana budi kuifuata njia nzima: mhusika aliguswa na nini, akaamini nini, akahisi nini, nini kilikuwa kinamzuia, na mwishowe akafanya nini.

Mwongozo huu unaifuata njia hiyo ndani ya Othello ya William Shakespeare, iliyochezwa katika kasri la Whitehall, London, tarehe 1 Novemba 1604. Umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi anayejiandaa kuandika insha, mwalimu anayeandaa somo, na mwigizaji anayetaka kujua kwa nini anatamka mstari fulani.

Vifaa na usomaji

Tafuta nakala ambayo mistari yake ina namba, maana bila namba hutaweza kuonyesha ushahidi wako uko wapi. Tamthilia ina sehemu 5 na maonyesho 15. Chapa za kale zenye uzito ni mbili, ya 1622 na ya 1623, na ya pili ni ndefu zaidi kwa mistari kama 160. Jambo hili si la wataalamu peke yao. Wimbo wa mierebi anaouimba Desdemona usiku wa kuuawa kwake (sehemu ya 4, onyesho la 3) haumo katika chapa ya 1622. Ukikuta nakala yako haina wimbo huo, huzuni ya Desdemona itakuponyoka karibu yote, nawe utamwona kama mtu asiyejua kinachomjia.

Soma mara 3. Mara ya kwanza usishike kalamu. Mara ya pili jaza daftari. Mara ya tatu rudia maonyesho mazito tu: 1.3, 2.3, 3.3, 4.1, 4.3, 5.1 na 5.2. Namba ya kwanza ni ya sehemu, ya pili ni ya onyesho. Daftari liwe na safu 5 zilizochorwa kwa upana wa kurasa mbili: kichocheo, dhana, hisia, kizuizi, tendo. Safu ya dhana iwe pana kuliko zote, kwani hapo ndipo kazi ilipo.

Hatua ya 1: Anza na matendo, acha hisia kwanza

Ukianza kwa kuorodhesha hisia utaishia kwenye orodha ya tabia: Iago mwovu, Desdemona mwema, Othello mwenye wivu. Anza na safu ya mwisho. Andika kwa vitenzi, bila kueleza sababu. Desdemona anaolewa bila baba yake kujua. Baba huyo, Brabantio, anampeleka Othello mbele ya baraza. Cassio analewa na kupigana. Othello anamvua Cassio cheo. Cassio anamwomba Desdemona amtetee. Emilia anaokota leso na kumpa mumewe. Desdemona anasema leso haijapotea. Othello anapiga goti na kuapa. Anampiga mkewe mbele ya Lodovico, mjumbe wa Venice. Roderigo anamvizia Cassio. Iago anamuua Roderigo. Othello anamuua Desdemona. Emilia anasema ukweli. Iago anamuua Emilia. Othello anajiua.

Hayo ni matendo 15, na yanatosha. Kumbuka tu kwamba kusema nako ni kutenda. Iago anapomwona Cassio akiondoka na kunong'ona kwamba jambo lile halipendi, ametenda kuliko aliyechomoa upanga. Maneno ya namna hiyo yaingize kwenye orodha.

Hatua ya 2: Ipe hisia jina lake

Hapa Kiswahili kinatusaidia sana, mradi tusiwe wavivu wa kuchagua neno. Neno "wivu" katika mazungumzo ya kila siku hubeba mambo mawili. Kuna wivu wa mapenzi, yaani hofu ya kunyang'anywa ulicho nacho. Na kuna husuda, au kijicho, yaani uchungu wa kuona mwenzako ana kitu usichonacho. Othello ana wivu. Iago ana husuda, na katika 5.1 anakiri mwenyewe: maisha ya Cassio yana uzuri wa kila siku unaomfanya yeye Iago aonekane mbaya. Tofauti hii inaonekana kwenye matendo. Mwenye wivu hupigania abaki na chake, ilhali hasidi huridhika kukiona kitu kikiharibika hata kama yeye hapati chochote. Ukiwaweka Othello na Iago chini ya neno moja, umeipoteza nusu ya tamthilia.

Fanya vivyo hivyo na hasira. Hamaki hulipuka na kuisha. Ghadhabu hukaa na kumtawala mtu. Kinyongo hufichwa na kulishwa. Cassio aliyelewa ana hamaki, Othello wa sehemu ya nne ana ghadhabu, Iago ana kinyongo tangu mstari wake wa kwanza. Tenganisha pia haya, inayomzuia mtu asitende ovu, na fedheha, inayomwangukia baada ya kutenda mbele za watu.

Njia ya kujijaribu ni hii: badilisha jina la hisia kwa neno lililo jirani yake, kisha uulize kama tendo lingebaki vilevile. Likibaki vilevile, bado hujaipata hisia yenyewe.

Hatua ya 3: Tafuta dhana iliyo chini ya hisia

Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, katika kitabu chake cha Balagha, yaani ufundi wa kushawishi kwa maneno, anaieleza hasira kuwa ni tamaa ya kulipiza kisasi inayoambatana na maumivu, kwa sababu mtu ameona amedharauliwa isivyostahili. Ndani ya maelezo hayo mna vitu vitatu: kile mtu anachoamini kimetokea, maumivu anayoyasikia, na jambo analolitaka. Dhana ikiondoka, hasira haina mahali pa kusimama. Dhana ikigeuka, hasira inageuza uso na kumtazama mtu mwingine.

Brabantio ni mfano mzuri wa kuanzia kwa sababu kisa chake kinakamilika ndani ya maonyesho matatu tu. Anaamini binti yake amerogwa, basi anamshtaki Othello kwa uchawi. Mbele ya baraza Desdemona anasema kwa kinywa chake kwamba amemchagua mumewe mwenyewe. Dhana ya uchawi inaanguka papo hapo, lakini maumivu ya baba hayaishi. Yanahama kutoka kwa "mwizi" yakamwelekea "msaliti". Ndipo anapotupa onyo lake: mwanamke huyu amemdanganya baba yake, na wewe pia anaweza kukudanganya. Baadaye, katika 5.2, tunaambiwa kwamba ndoa ile ilimuua kwa uchungu.

Sasa ijaribu hatua hii kwa mapenzi ya Othello. Mbele ya baraza anaeleza kwamba Desdemona alimpenda kwa hatari alizozipitia, na yeye akampenda kwa kuwa alimwonea huruma. Ziandike dhana hizo kwa herufi kubwa katika daftari lako. Mapenzi ya jemadari huyu yamesimama juu ya namna mwanamke anavyomtazama. Ndiyo maana katika 3.3, shaka inapomwingia, anaagana na utulivu wa moyo, halafu anaagana na majeshi, farasi, tarumbeta na ngoma. Mume mwenye wivu anahusiana nini na ngoma za vita? Kwake yeye, macho ya Desdemona ndiyo yaliyokuwa yanamwonyesha kuwa yeye ni nani. Yakigeuka macho hayo, hata ujemadari wake haumkai tena.

Hatua ya 4: Ligawe onyesho la 3.3 vipande

Tenga kipindi kizima kwa onyesho hili. Lina mistari takriban 480. Othello anaingia akiwa mume mwenye furaha na kutoka akiwa amekwisha kuapa kuua. Ukiuona mgeuko huo kama wa ghafla tu, umesoma kwa haraka. Ugawe katika vipande 6 na ujaze safu zote 5 kwa kila kimoja.

Kipande cha kwanza: Cassio anaondoka haraka kwa sababu anaona fedheha kukutana na mkubwa wake, na Iago anatupa neno lake la kwanza.

Cha pili: Desdemona anamwombea Cassio. Anataka aitwe usiku huu, au kesho, au Jumanne, au Jumatano, mradi isipite siku tatu. Kinachomsukuma ni huruma na ahadi aliyoitoa. Othello anakubali kwa mahaba.

Cha tatu: Iago anauliza maswali madogo, anarudia maneno ya Othello, anakatiza sentensi njiani. Hajashtaki lolote. Dhana ya Othello hapa haimhusu mkewe bado, inamhusu Iago: huyu ni mtu mwaminifu, basi akinyamaza kuna jambo analificha. Hapo Othello anajiwekea kanuni yake mwenyewe, kwamba ataona kabla ya kushuku, akishuku atathibitisha. Iwekee alama kanuni hiyo.

Cha nne: Iago anakumbusha kwamba Desdemona alimdanganya baba yake. Akishaondoka, Othello anajiongezea mwenyewe: rangi yake, kukosa maneno laini ya watu wa mjini, umri wake. Angalia kwamba, ukiacha rangi ambayo Iago aliigusia, haya hakuambiwa na mtu wakati ule. Ameyatoa ndani.

Cha tano ni kifupi mno na ndicho kinachouma zaidi. Othello analalamika kichwa kinamuuma. Desdemona anataka kumfunga kwa leso yake, naye anaisukuma kando na kusema ni ndogo. Leso inaanguka. Imepotea katika tendo la upendo, na hakuna aliyeiiba.

Cha sita: Othello anarudi, anamtishia Iago na kudai ushahidi wa macho. Anapewa nini? Masimulizi ya ndoto ambayo eti Cassio aliiota, na habari kwamba Cassio alionekana akijifutia ndevu kwa leso. Hakuna hata kimoja alichokiona kwa macho yake. Irudie ile kanuni uliyoiwekea alama uone imefikia wapi. Kisha anapiga goti, na kuamuru kwamba ndani ya siku tatu asikie Cassio hayuko hai. Siku tatu zilezile ambazo Desdemona alikuwa amezitaja ili Cassio asamehewe.

Ukifika hapa utaona kwamba wivu ni jina la mwisho katika msururu mrefu: mahaba, wasiwasi, aibu ya nafsi, uchungu, ghadhabu. Kila moja ina dhana yake, na Othello hajipi muda wa kuziangalia. Ukihesabu matukio ya jukwaani, tangu kuwasili Saiprasi hadi mauaji, siku ni chache sana, ingawa Bianca anamlalamikia Cassio kwamba hajamwona kwa wiki nzima, saa 168. Shakespeare ametupa saa mbili zinazokwenda kwa kasi tofauti, na ile inayomtawala Othello ndiyo iendayo mbio.

Hatua ya 5: Mpime Iago kwa tendo lisilohitajika

Iago hutoa sababu nyingi. Amenyimwa unaibu akapewa Cassio, na yeye akabaki mshika bendera. Anashuku Othello amelala na Emilia. Baadaye anamshuku hata Cassio kwa jambo hilohilo. Samuel Taylor Coleridge, mshairi na mhakiki wa Kiingereza, alimwona kama mtu anayejitafutia sababu za uovu usiokuwa na sababu, na wengi wamelirudia wazo hilo bila kulipima.

Lipime hivi. Mwisho wa 3.3 Othello anamtamkia Iago kwamba sasa ndiye naibu wake. Cheo alichokililia amekipata. Kama cheo kingekuwa ndicho chanzo chote, angesimama hapo. Hasimami. Basi kuna kitu kingine kinachomwendesha, na 5.1 inakitaja mara mbili: ile husuda juu ya uzuri wa Cassio, na hofu kwamba Othello na Cassio wakizungumza uso kwa uso, yeye atafichuka. Husuda ilianzisha kazi, hofu inaikamilisha. Hilo ni jibu lenye ushahidi, na ni bora kuliko kusema "ni shetani".

Kulinganisha na chanzo kunasaidia. Katika hadithi ya Kiitaliano ya Cinthio, iliyochapishwa 1565, mshika bendera anampenda mke wa Mmoori, yaani jemadari aliyezaa Othello wa Shakespeare, na mapenzi yaliyokataliwa yanageuka chuki. Shakespeare karibu ameiondoa sababu hiyo, na akamwacha msomaji aitafute nyingine.

Hatua ya 6: Usiwaache wadogo

Mtego wa Iago ungekatika mara tatu kama si hisia za watu wengine. Cassio angeweza kwenda mwenyewe kwa Othello, lakini fedheha ya kupoteza jina lake jema inamfanya apitie kwa mwanamke. Desdemona angeweza kukiri kwamba leso imepotea, lakini Othello anaiuliza kwa ukali, anasimulia kwamba imefumwa kwa uganga na kwamba kuipoteza ni maangamizi. Hofu inamponyosha ulimi. Emilia angeweza kusema leso iko wapi. Aliitoa ili kumfurahisha mume asiyefurahishika, kisha akanyamaza.

Emilia anastahili ukurasa wake peke yake. Nguvu inayomfanya aitoe leso ni ile ile inayomnyamazisha: tamaa ya kumridhisha Iago. Katika 5.2 anasikia kwamba aliyemwambia Othello habari zile ni mumewe, na anauliza tena na tena, "Mume wangu?" Kila akirudia, dhana ya zamani inabomoka kidogo. Halafu anatamka kwamba ni haki yake kumtii mume, ila si sasa. Simanzi na ghadhabu zimevuka kizuizi ambacho hofu na utii vilikijenga kwa miaka. Anakufa kwa hilo. Mwigizaji anayeyatamka maswali yale kwa sauti moja ameliua onyesho.

Hatua ya 7: Chukua ushahidi kutoka kwenye lugha

Hisia huharibu usemi kabla hazijaharibu tendo. Othello wa sehemu ya kwanza husema kwa ushairi mpana uliotulia. Katika 4.1 mizani inavunjika, anaingia kwenye nathari ya vipande vipande, leso na kukiri vikigongana bila kitenzi, kisha anaanguka na kupoteza fahamu. Tazama pia wanyama. Iago ndiye anayezungumza kwa lugha ya wanyama tangu onyesho la kwanza, na katika 3.3 anataja mbuzi na nyani. Katika 4.1, baada ya kumpiga mkewe, Othello anatoka akifoka: mbuzi na nyani! Maneno ya Iago yamehamia kinywani mwake. Andika mistari hiyo miwili ikitazamana daftarini. Ushahidi wa namna hii ndio unaoipandisha insha daraja.

Hatua ya 8: Tafuta mahali ambapo tendo lingeweza kukwama

Kila tendo zito lina kizuizi, na usipokionyesha utamfanya mhusika aonekane kama jiwe linaloporomoka. Katika 5.2 Othello anaingia akiwa na taa, anambusu mkewe aliyelala, na anajiambia kwamba anatenda haki, kwamba mwanamke huyu asipokufa atawasaliti wengine. Hisia inayotawala hapa ni simanzi iliyovaa joho la hakimu. Mapenzi ndiyo kizuizi, na yanakaribia kushinda.

Kinachovunja kizuizi ni chozi. Desdemona anaposikia Cassio amekufa analia, kwa kuwa shahidi pekee wa usafi wake ametoweka. Othello analiona chozi hilo kama la mpenzi anayemlilia mpenziwe. Kichocheo ni kimoja, dhana mbili. Desdemona anaomba aachwe usiku huu tu, nusu saa, hata sala moja. Hakimu amekwisha kutoweka, imebaki ghadhabu.

Kuandika jibu, na mahali linapoharibika

Kwa insha ya maneno 800 hadi 1,000, chagua matendo 3, si 15. Kila tendo lipate aya mbili: ya kwanza ieleze kichocheo na dhana, ya pili ieleze hisia, kizuizi na tendo, ikiwa na mstari mmoja au miwili ya ushahidi na namba yake. Usisimulie hadithi. Anayekusahihisha anaijua.

Kosa linalojirudia zaidi ni kuchukua maelezo ya mhusika kuhusu nafsi yake kana kwamba ni ukweli. Iago hudanganya hata akiwa peke yake, na Othello katika hotuba yake ya mwisho anajiita mtu asiyeingiwa na wivu kwa urahisi. Uzungumzi nafsia, yaani maneno ambayo mhusika anajiambia mwenyewe jukwaani, ni ushahidi wa namna mhusika anavyotaka kujiona. Ulinganishe na alichofanya.

Kosa la pili ni kumwona Othello kama mjinga. Iago anaaminiwa na watu wote jukwaani, akiwemo Cassio anayekwenda kumwomba ushauri. Na la tatu ni kudhani kwamba dhana ya uongo ndiyo siri ya kila tanzia. Ipeleke jedwali hii kwenye Medea, tanzia ya Kigiriki ya Euripides, ya mwaka 431 kabla ya Kristo, uone. Medea hakudanganywa: mumewe Jason kweli amemwacha. Anajua pia kwamba analokusudia kwa watoto wake ni ovu, anasema hivyo kwa kinywa chake, na anasema ghadhabu yake ina nguvu kuliko fikra zake. Safu ya dhana ni safi, na safu ya kizuizi ndiyo itakayokulaza macho.